Kwa nini alikataa saa arobaini: kisa cha mama mmoja katika nyumba za umma za Kentucky

Mama mmoja Mkongomani, mpangaji wa nyumba za umma katika mji mmoja wa jimbo la Kentucky, Marekani, aliitwa na mkuu wake wa kazi kwenye kitengo cha kufulia cha hoteli. Akaambiwa nafasi imepatikana: aache kufanya saa 20 kwa wiki, afanye 40. Akakataa. Kwenye faili lake la huduma mtu alikuwa ameshaandika kwamba mteja huyu hana hamu ya kujiendeleza. Baadaye faili likaletwa kwangu, mratibu wa programu ya kujitegemea kwa familia, na kwa kuwa wote wawili tunazungumza Kiswahili hatukuhitaji mkalimani. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa Kiswahili chake cha Kivu: "Dada, nikitumika sana, nyumba inapanda. Nikitumika kidogo, nyumba inashuka. Sasa mutu atumike juu ya nini?"

Kutumika kwake ni kufanya kazi, na nyumba inayopanda ni kodi ya nyumba. Swali hilo ndilo kisa chenyewe. Nimebadilisha baadhi ya mambo ili asitambulike na namba nimezizungusha, ila kanuni na mfuatano wa matukio ni vilevile.

Kwa ufupi: ni mama wa watoto watatu, anayewalea peke yake. Alitoka Kivu Kusini akiwa kijana na akaishi miaka mingi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Marekani kama mkimbizi. Alifika na deni la tiketi za ndege. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, huwakopesha wakimbizi nauli bila riba, na marejesho huanza miezi sita baada ya kufika. Kiingereza chake kilikuwa cha salamu na maagizo ya kazini. Barua zote za ofisi ya nyumba alikuwa akisomewa na mwanawe mkubwa, wakati huo mwenye miaka 15.

Hesabu ya mezani

Kodi katika nyumba za umma haifuati ukubwa wa nyumba, inafuata kipato cha familia. Mwaka 1969, mwaka uleule ambao wapangaji wa St. Louis waligoma kulipa kodi zilizokuwa zikipanda wakati mishahara yao imesimama, Seneta Edward Brooke wa Massachusetts alipitisha kikomo: familia isilipe zaidi ya asilimia 25 ya kipato chake. Mwaka 1981 kiwango kikapandishwa hadi asilimia 30, na hapo ndipo kilipo. Ni kinga kubwa. Ukipoteza kazi leo, kodi inashuka na hutupwi nje. Lakini kinga hiyo ina upande wa pili, na mama huyu alikuwa ameugusa kwa mkono wake.

Tulikaa jikoni kwake na barua ya kodi, stabu za mshahara na karatasi ya msaada wa chakula, tukapiga hesabu. Kwa saa 20 na dola 11 kwa saa, alikuwa akipata dola 11,440 kwa mwaka. Sheria ya wakati ule ilimpunguzia dola 480 kwa kila mtoto, yaani 1,440, zikabaki 10,000 kamili za kukokotolea kodi. Asilimia 30 ya hizo, ukigawa kwa miezi, ni dola 250 kwa mwezi.

Kwa saa 40 mshahara ungekuwa dola 22,880, na kodi ingepanda hadi 536. Kwa hiyo katika nyongeza ya dola 953 kwa mwezi, nyumba ingechukua 286. Makato ya lazima ya mshahara, asilimia 7.65, yangechukua kama 73. Msaada wa chakula, SNAP, hupungua karibu senti 24 kwa kila dola mpya ya mshahara kabla ya kuhesabu nafuu inayotokana na kodi ya nyumba kupanda, basi tuseme 229. Toa hizo zote, anabaki na dola 365. Saa 20 zaidi kila wiki, watoto wawili wadogo wakihitaji mtu wa kukaa nao, kwa dola 365 kwa mwezi. Na huyo wa kukaa na watoto naye alipwe.

Aliyeandika kwamba hana hamu hakuwa ameketi na karatasi hizi.

Kilichokosekana katika hesabu ya mama ni kile kinachokuja mara moja kwa mwaka. Serikali ya Marekani hurudisha fedha kwa wafanyakazi wa kipato cha chini wanapojaza fomu za kodi ya mapato. Kwa mzazi wa watoto watatu marejesho hayo hukua kwa senti 45 kwa kila dola aliyoifanyia kazi, hadi kufikia kikomo. Kisha husimama, kisha huanza kushuka. Saa za ziada zingemvusha kikomo, lakini marejesho bado yangekuwa makubwa kuliko ya saa 20. Yeye hakujua, kwa sababu mtu aliyekuwa akimjazia fomu alikuwa akikata ada kubwa kwenye fedha hizohizo na kumpa zilizobaki bila maelezo. Tulimpeleka kwa watu wa mpango uitwao VITA (kifupi cha jina la Kiingereza), wanaojitolea kujaza fomu bure chini ya mamlaka ya kodi ya mapato, na mwaka huo aliona kwa mara ya kwanza ni kiasi gani hasa alichokuwa akirudishiwa.

Hata hivyo, marejesho ya Februari hayalipi kodi ya Julai. Hofu yake ya mwezi kwa mwezi ilikuwa halali.

Akiba iliyofichwa ndani ya kodi

Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilianzisha programu hii ninayoiratibu, ya kujitegemea kwa familia, kwa Kiingereza Family Self-Sufficiency, FSS, kwa ajili ya familia zinazoishi kwenye nyumba za umma au zinazosaidiwa kodi kwa vocha. Wazo lake ni rahisi. Familia inasaini mkataba wa miaka mitano. Kodi inayolipa siku ya kusaini ndiyo msingi. Mshahara ukipanda, kodi inapanda kama kawaida na mpangaji anailipa, lakini mamlaka ya nyumba, yaani ile ofisi ya nyumba, inaweka kiasi kinacholingana na ile nyongeza kwenye akaunti ya dhamana kwa jina la familia. Akimaliza mkataba, fedha ni zake, na hapangiwi matumizi. Masharti makuu ni mawili: mkuu wa kaya awe anatafuta kazi na kuishika, na mwisho wa mkataba pasiwe na mtu nyumbani anayepokea msaada wa fedha taslimu wa serikali. Msaada wa chakula na bima ya afya haviingii kwenye sharti hilo. Asiyetimiza mkataba anazikosa fedha.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama hii ni likelemba. Swali zuri, maana likelemba anaijua toka kambini: kila mtu anachanga, mmoja anachukua, zamu inazunguka. Nikamjibu kwamba hapa hakuna zamu wala mwenzio wa kukimbia na mchango. Ni wewe peke yako unayechukua, ila unachukua mwisho. Akauliza la pili, ambalo wengi hawaliulizi: na wakisema fedha hazipo? Nikamwonyesha kwamba ofisi inawajibika kumpa taarifa ya akaunti kila mwaka kwa maandishi. Taarifa hiyo, nikamwambia, itunze pamoja na vyeti vya watoto.

Jambo ambalo mimi hulisisitiza kuliko yote katika kazi hii ni tarehe. Msingi wa akiba unapimwa kwa kipato kilichopo kwenye vitabu vya ofisi siku mkataba unapoanza. Aliyesaini akiwa na kodi ya dola 250 kisha akapata kazi ya kutwa, dola 286 za nyongeza zinaingia kwenye akiba yake kila mwezi. Aliyepata kazi kwanza, akaripoti, kodi ikawa 536, kisha ndipo akasikia habari za programu na kusaini, msingi wake ni 536. Watu wawili wa mlango kwa mlango, mshahara mmoja, kodi moja, na baada ya mwaka mmoja wanatofautiana kwa zaidi ya dola 3,400. Nimewaona wapangaji wa aina zote mbili, na karibu wote wa kundi la pili walikuwa watu wenye bidii waliokimbilia kazi bila kungoja mtu yeyote. Habari za programu zingepaswa kutolewa siku mtu anapokabidhiwa funguo. Katika ofisi nyingi hutolewa kwa tangazo la ubaoni, tena kwa Kiingereza.

Basi mama alirudi kwa mkuu wake wa kazi akaomba apewe muda kidogo. Akasaini mkataba, kisha akaanza saa 40, kisha akaripoti mshahara mpya kama sheria inavyotaka. Hakuna kilichofichwa, kazi mpya ilikuwa haijaanza siku ya saini.

Kipi kianze

Mkataba una kiambatisho kiitwacho mpango binafsi wa mafunzo na huduma. Fomu yake inashawishi mtu kujaza kila kitu kwa mkupuo: Kiingereza, cheti, kupunguza madeni, kujifunza udereva, kununua nyumba. Mpango wa namna hiyo unapendeza kwa mkaguzi na unamchosha mama wa watoto watatu kabla ya mwezi kwisha. Nilimuuliza kitu kimoja tu: ni nini kinachokuzuia kulala? Hakutaja Kiingereza wala cheti. Alitaja nani atakaa na watoto saa tisa alasiri hadi saa moja usiku.

Kwa hiyo tulianza na malezi. Jirani yake, mama mtu mzima kutoka Burundi, alikubali kuwapokea watoto kwa dola 200 kwa mwezi. Hapa pana kipengele ambacho wapangaji wengi wa kwetu wanakikosa kwa sababu wanalipana mkononi bila karatasi. Gharama za kulea mtoto chini ya miaka 13 ili mzazi aende kazini huondolewa kwenye kipato kabla ya kukokotoa kodi, mradi ziwe na ushahidi. Mama wa Kirundi alikuwa hajawahi kuandika risiti maishani mwake. Tulimnunulia kitabu cha risiti dukani, tukamwonyesha pa kuweka tarehe na saini. Dola 200 zile zilishusha kodi kwa dola 60 kwa mwezi. Ni kweli zilishusha na akiba kwa dola 60 zilezile, na nilimweleza hivyo waziwazi. Alichagua dola 60 za leo. Nadhani alichagua vizuri. Akiba ya miaka mitano haina maana kwa mtu atakayeshindwa kufika mwaka wa pili.

Pili tulishughulikia barua. Ofisi inayopokea fedha za serikali kuu ina wajibu, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, kumpa asiyejua Kiingereza msaada wa lugha. Tuliandika kwenye faili kwamba mawasiliano yake muhimu yawe na mkalimani wa Kiswahili. Wengine wanaona hili ni jambo dogo. Lakini mtoto wa miaka 15 anayesoma barua ya kodi ndiye anayeamua mama yake ajue nini na lini, na hakuna mzazi anayeweza kupanga maisha kwa namna hiyo.

Cheti kilikuja mwaka wa pili, Kiingereza chake kilipokuwa kinatosha kusoma maelekezo ya kazi. Mafunzo ya msaidizi wa muuguzi huhitaji saa 75 kwa kiwango cha chini cha sheria ya serikali kuu, na nyumba za wazee kote nchini zina uhaba wa watu. Alisoma jioni, akapungukiwa na saa kazini, na kwa miezi minne kodi yake ilirudi karibu na msingi, akiba ikasimama. Ofisi ya nyumba ilitaka maelezo kwa nini mshiriki "anarudi nyuma". Nilijibu kwamba mtu anayeshuka ili apande hajarudi nyuma, nikaambatisha ratiba ya chuo. Alipohitimu akaajiriwa kwenye nyumba ya wazee kwa dola 15 kwa saa, saa 40. Mshahara wa dola 31,200 kwa mwaka, ukitoa watoto na malezi, ulileta kodi ya dola 684. Akiba: dola 434 kila mwezi.

Gari lake lilikufa miezi michache baadaye. Nyumba ya wazee ilikuwa nje ya njia ya basi na zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Kanuni zinaruhusu mshiriki aliyefikia malengo ya kati kutolewa sehemu ya akiba kabla ya mwisho, kama fedha zitasaidia kumaliza mkataba. Tuliomba dola 1,900. Ombi lilikaa mezani muda mrefu kuliko ilivyostahili, na katika kipindi hicho alibebwa na dada wa kanisani kwake ambaye alikuwa akifanya zamu ileile. Bila dada huyo kazi ingepotea huku fedha zake mwenyewe zikiwa benki.

Kijana alipofikisha miaka 18

Mgogoro mkubwa kuliko yote ulitoka mahali ambapo hakuna fomu iliyouuliza. Mwanawe mkubwa alimaliza sekondari, akafikisha miaka 18, na akapata kazi ya bohari kwa dola 16. Kijana alifurahi, mama akamshukuru Mungu. Mtu mzima anayeishi ndani ya nyumba, mshahara wake unahesabiwa kwenye kodi ya familia. Kwa saa 30 kwa wiki, nyongeza ingekuwa zaidi ya dola 600 kwa mwezi, mpaka pale ambapo kodi ingegonga kikomo cha soko.

Kwetu kijana anayefanya kazi anachangia nyumbani; hilo halina mjadala. Lakini kuna tofauti kati ya kuchangia mchele na mafuta kwa hiari yake, na kuambiwa na barua kwamba mshahara wake wa kwanza unaingia kwenye kodi. Alianza kusema atahama akakae na wenzake. Mama akaona anafukuza mwanawe kwa sababu ya karatasi. Kwa majuma kadhaa walikuwa hawaongei vizuri.

Mratibu hana mamlaka ya kuamua mambo ya watu na watoto wao. Nilichoweza kufanya ni kuwaweka wote wawili mezani na kuwaeleza, kwa Kiswahili, kanuni yote: mshahara wa mtoto wa miaka 18 na zaidi anayesoma chuo muda wote, kama si mkuu wa kaya, wakati ule ulihesabiwa dola 480 tu kwa mwaka, na bado anabaki mtegemezi. Kijana alikuwa na barua ya kukubaliwa chuo cha jamii ambayo hakuwahi kumwonyesha mama, kwa kuwa aliona familia inahitaji fedha kuliko shahada. Barua ile iliwekwa mezani siku hiyo. Walizungumza wao kwa wao kwa Kibembe, na mimi nikanyamaza. Alijiandikisha masomo ya muda wote na kubaki na zamu za mwisho wa wiki. Kodi karibu haikupanda, na kila mwezi analeta gunia la mchele kwa mkono wake.

Yaliyopatikana, na yasiyopatikana

Mwaka wa nne taarifa ya akaunti ilionyesha miezi ambayo nyongeza haikuwekwa. Mama ndiye aliyeigundua. Alikuwa ameweka taarifa zote kwenye bahasha moja na kulinganisha mwenyewe. Tuliandika malalamiko, ofisi ikakagua na kurekebisha. Nilifurahishwa na hilo kuliko cheti, kwa sababu hakuniita nimsomee. Aliniita nitie saini kama shahidi.

Alihitimu akiwa na zaidi kidogo ya dola 18,000, baada ya kutoa zile za gari. Naandika kiasi hicho kwa tahadhari, maana si kila mtu anafika hapo. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya wizara ya nyumba ya Marekani, HUD, na kuchapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia washiriki kwa miaka minne: kama robo walikuwa wamehitimu, zaidi ya theluthi walikuwa wametoka mikono mitupu, wengine bado waliendelea. Wastani wa akiba ya wahitimu ulikuwa kama dola 5,300. Tathmini ya kitaifa ya taasisi ya MDRC, iliyogawa familia kwa bahati nasibu, haikukuta programu ikipandisha ajira wala mishahara kwa jumla. Matokeo hayo sina sababu ya kuyapinga. Yanaendana na ninachokiona: akaunti ikifunguliwa bila mtu wa kukaa jikoni na familia, inabaki kuwa mstari kwenye barua. Lakini mratibu mwenye familia 50 mezani hawezi kukaa jikoni kwa kila mtu, na bajeti nyingi zinahesabu waratibu kwa idadi ya mikataba.

Afueni moja iliyokuja na kanuni mpya za 2022 ni kwamba akiba ya anayeshindwa hairudi tena kwenye mfuko wa jumla wa mamlaka ya nyumba. Lazima itumike kuwasaidia washiriki wengine. Malezi, nauli, ada za mitihani: fedha ndogo hizo zingekuwa zimeokoa baadhi ya niliowapoteza.

Mama amelipa deni lote la tiketi. Hajanunua nyumba, ingawa kila mtu ofisini alitamani picha ya funguo. Kuhitimu hakumlazimishi kuhama, na amechagua kubaki kwa sasa. Tatizo jipya ni kwamba zile dola 434 anaendelea kuzilipa kila mwezi ndani ya kodi, na sasa hazirudi kwake popote. Programu haina jibu kwa mwezi wa 61. Tumepiga hesabu mpya: nyumba ya kupanga ya watu binafsi katika mtaa wake inamgharimu zaidi ya 684, mkopo wa nyumba unahitaji historia ndefu zaidi ya madeni yaliyolipwa vizuri, na mtoto wa kati anamaliza shule ya msingi mwaka ujao. Amejiandikisha kwenye kozi ya uuguzi ya ngazi inayofuata, ada ya mwaka wa kwanza ikitoka kwenye akiba, na ameomba zamu ya usiku ili mchana awe darasani.